Sindano ya Jirani

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, ana vita na vimaua vya baharini. Ni wanyama wenye minyiri ya sumu, nao wanayamaliza matumbawe kwenye tangi la kioo aliloachiwa na marehemu mumewe. Ukimwambia aving'oe, atakukata jicho: "Jaribu uone. Kikibaki kipande, kesho utakuta ukoo mzima." Huvuta siki kwa sindano, hugonga bomba kwa ukucha kutoa hewa, na mkono ule unaotetemeka hata kwa kikombe cha chai hutulia tuli majini. Jana nilimsikia akinong'ona, "Pole, mwanangu, ni kidogo tu." Akakidunga kimaua kilichonata kwenye kioo; kikanywea, kikafa. Akachukua pamba, akaigandamiza kwenye kioo kwa nje, mahali pale pale, akaishikilia kitambo, kama anayezuia damu.