Macho ya Vidole Vitatu

Wewe ungesuka wavu wa kuachia kitoweo chako kipite?

Hatibu wa Mkwaja aliusuka. Alikaa mkekani nyuma ya nyumba, kiuno kinamuuma, macho yanamwasha, uzi wa nailoni ameutia kwenye kidole gumba cha mguu. Ujana wake wote ulikwisha kwa kusuka macho ya vidole viwili, kama walivyotaka wenye vyombo. Samaki walizidi kuwa wadogo, na wenye vyombo walizidi kusema: punguza jicho. Safari hii alichonga kibao kipana cha kupimia, cha vidole vitatu, bila kumwambia mtu.

Mashua ilikuwa ya Idarusi, mdogo wa mkewe Zuwena. Kwao ilikuwa desturi: safu ya kwanza ikikamilika, mwenye chombo huja kutia vidole vyake viwili kwenye jicho. Vikibana, kazi inaendelea. Vikicheza, uzi unakatwa.

Mchana Idarusi akaja.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akachutama, akatia vidole, akavizungusha.

"Shemeji, hili jicho au dirisha? Tasi atapita huku ananipungia mkono!"

"Apite. Akikua tutamla."

"Akikua lini? Dada, mwambie mumeo wanangu wanakula leo."

Zuwena alikuwa mlangoni, anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Mimi nakunia kisamvu, kama jana. Mwambie mwenyewe."

Idarusi akachomoa kisu, akamgeuzia Hatibu mpini.

"Kata, uanze upya. Nafasi yako chomboni ipo. Hukati, jioni hii natoka na wavu wa Badru, na Badru mwenyewe anakaa pako."

Hatibu alikitazama kile kisu. Kukata kungekuwa rahisi. Alikuwa amechoka hata kubishana. Lakini aliwakumbuka tasi wa safari iliyopita, urefu wa kidole, hawajawahi kutaga hata mara moja. Alikuwa amewakung'uta mwenyewe kutoka wavuni, wakamtia haya. Kuna siku mtu hana budi kusema basi, hata kama hakuna anayemsikiliza.

"Sikati."

"Haya, kavue nao uani. Kuku wapo."

Idarusi alipoondoka, Zuwena alikung'uta mbuzi ya nazi.

"Na sisi tutakula nini, baba Nasra?"

Hatibu akashika sindano, akafunga fundo jingine.

Asubuhi aliteremka pwani. Mashua ilikuwa imeshafika. Badru alisimama ndani yake, anaukung'uta wavu, na vitasi vinamwagika mchangani kama pumba. Wanawake walikuwa wameinama na mabeseni. Katikati yao alikuwamo Zuwena, anazoa kwa mikono miwili. Aliinua uso, akamwona mumewe, kisha akainama tena na kuendelea kuzoa.