Ufito na Kreni

Mimi sina imani na mtu anayekataa chai. Mtu akikataa chai yangu namwuliza kwanza kama anaumwa, na kama haumwi namwangalia mara mbili. Sasa fikiria siku wale vijana wawili walipohamia chumba changu cha uani, mashati meupe, tai shingoni, beji nyeusi kifuani. Nikawakaribisha kwa birika zima la chai. Wakatazamana, wakasema asante mama, sisi hatunywi chai. Wala kahawa. Nikawauliza, maji je, au nayo dini imekataa? Yule mkubwa akacheka. Yule mdogo akatazama viatu vyake.

Walikuwa wamisionari wa lile kanisa ambalo watu mtaani huwaita waumini wake Wamormoni. Kijana anaacha masomo, anaacha kazi, anaacha mchumba kama anaye, anatumwa miaka miwili mahali asipopajua kwenda kutangaza dini. Hachagui aende wapi wala aishi na nani. Na kila mmoja wao, eti, anaitwa Mzee. Niliwaambia waziwazi kwamba mtoto wa miaka kumi na tisa, asiye hata na ndevu za kumwasha, sitamwita mzee ndani ya ukuta wangu. Mkubwa nikamwita Ratiba, maana aliishi kwa saa. Mdogo nikamwita Ufito, kwa kuwa suruali yake ilishikiliwa na mkanda peke yake. Wao wakaniita Mama Fundi, kwa ajili ya cherehani yangu pale barazani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yao inalia, wanatoka uani kupiga pushapu, kuku wangu wanatawanyika. Wanaoga, wanapiga pasi mashati, wanasoma vitabu vyao kwa sauti mpaka nami nikajua baadhi ya mistari bila kutaka. Saa nne wako barabarani. Kurudi ni saa tatu usiku, viatu vimejaa vumbi. Na hawaachani hata kidogo, ndiyo sheria yao. Mmoja akienda msalani, mwingine amesimama nje anahesabu mawingu. Nilimwambia Ratiba kwamba mimi na marehemu mume wangu tulikaa miaka ishirini na mbili na hatukuwahi kufuatana hivyo, na ndiyo maana tulidumu.

Tatizo la Ufito lilikuwa mdomo. Si kwamba alikuwa na kigugumizi, la. Maneno yalikuwapo, lakini akitazamwa na mtu asiyemjua yote yalirudi tumboni. Mwezi wa kwanza alisema ndiyo na amina tu, na ile amina aliisema mapema. Siku moja Ratiba akamwambia, leo mlango huu ni wako. Wakabisha, akafungua mwanamke na mtoto kiunoni. Ufito akafungua kinywa, akakifunga, akasema, "Samahani, tumekosea nyumba," akageuka akaondoka mbio. Ratiba ikabidi amkimbilie, maana haruhusiwi kumwacha. Kumbe yule mwanamke alikuwa amewaalika mwenyewe, na uji alikwisha kuukoroga.

Ratiba alinisimulia hayo huku anacheka na kukasirika kwa pamoja. Mimi nilicheka mpaka nikajitoboa kidole kwa sindano. Ila nilipoinua macho nikamwona yule mtoto amesimama mlangoni pa chumba chao, amesikia yote, na kicheko kikanikauka.

Sasa nina kaka, aliyenitangulia kuzaliwa, watu humwita Kreni. Enzi zake alikuwa mchukuzi wa ghala la nafaka, anabeba magunia mawili kwa mpigo na wimbo juu. Siku moja rundo likamwangukia, goti la kushoto likaganda, halikunjiki mpaka leo. Wakampa kazi ya kushona midomo ya magunia, naye huleta mengine akayashonee nyumbani. Halafu wifi yangu akafa. Kreni akanyamaza. Kila mtu alikwenda kwake na maneno, mimi wa kwanza, maana nina maneno ya kugawa. Hayakumwingia.

Niliwapeleka wale vijana kwake kwa sababu nilikuwa nimeishiwa maneno. Ratiba alizungumza vizuri sana, sikatai. Mbingu, ufufuo, familia kukutana tena, kila kitu na aya yake. Katikati ya maneno Kreni akainuka, akaburuta mguu wake mpaka ukumbi wa nyuma, akaketi kwenye magunia yake akaendelea kushona. Ratiba akabaki na kitabu wazi mkononi. Ufito akainuka, akamfuata, mlango ukiwa wazi wasipoteane na mwenzake. Akaokota shazia, ile sindano ndefu ya magunia, akaketi chini na suruali yake nyeusi, akaanza kushona. Alishona vibaya kweli. Alijichoma mara mbili, akaendelea. Ikapita karibu saa nzima, ndipo kaka yangu akasema neno lake la kwanza siku hiyo.

"Mishono yako iko karibu mno. Ipe nafasi, utafika leo."

Ikawa kila Alhamisi. Ratiba akajifunza kukaa kimya, na kwake hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga kula. Kreni naye akaanza kuuliza, akimwuliza Ufito tu. Siku moja nilikuwepo, nimeleta uzi. Akauliza bila kuinua uso, "Mke wangu nitamwona?"

Ufito akavuta uzi mpaka mwisho. "Naamini utamwona, baba. Lakini mimi sijafiwa bado, kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba najua unavyoumia."

Niliondoka pale nikalie jikoni. Nasema ukweli, nililia.

Mwezi wa tatu Kreni akatangaza. "Nataka kubatizwa. Na anibatize huyu mwembamba."

Jioni ile ile Ufito akaja barazani na suruali yake nyingine nimpunguzie. Ratiba alikaa ngazini na kitabu. Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni aliposema, "Usipunguze sana, Mama Fundi. Nikifika nyumbani nitanenepa."

"Nyumbani lini? Una miezi mitatu tu hapa."

"Jumatatu nitampigia rais wa misheni. Nitaomba nirudishwe."

Nilitoa pini mdomoni. Huyo rais ndiye mkuu wao wote, na akikubali, kijana anapanda gari anarudi kwao na aibu hiyo inaandamana naye maisha. Nikamkumbusha hivyo. Akasema anajua. Akanisimulia kwamba siku alipoondoka kwao kuja huku, watu arobaini walimsindikiza mpaka kituoni wakiimba, mama yake mbele. "Sijui nitapita njia gani nikirudi," alisema. "Lakini kila siku naamka naogopa milango. Nimechoka kuogopa milango."

"Na kaka yangu je? Huyo hukumhubiria?"

"Kushona magunia si kuhubiri, mama."

Hasira zikanipanda, nikamchoma na pini, na sijaomba radhi mpaka leo. Nikamwambia mimi nilipeleka kwa Kreni wachungaji, majirani na mdomo wangu mwenyewe, na wote tulishindwa. Aliyemtoa shimoni ni mtoto asiyejua kushona. Kama hiyo si kuhubiri, basi anieleze kuhubiri ni nini. Alisema tu kwamba ubatizo wenyewe Ratiba ataufanya, kwa sababu Kreni ana kilo mia moja na ushee, na yeye akimwangusha majini mbele ya watu, hata Jumatatu hatafika.

Nikapeleka habari kwa kaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Mwambie ni yeye, au basi."

Basi Ufito akakubali shingo upande, Jumamosi ikapangwa, na kazi ikaniangukia mimi pia. Kanisani kwao mtu hubatizwa na nguo nyeupe, na nguo walizonazo hakuna iliyomwingia Kreni hata bega. Nikamshonea ovaroli, mita tano za kitambaa. Nikatia lastiki miguuni, ya kukaza kweli, ili nguo isimpande majini akaonyesha mapaja mbele za watu. Nilijisifu kwa lile wazo. Uani nako vijana walitandika godoro langu la zamani, Ratiba akijifanya Kreni, Ufito akimlaza na kumwinua, kumlaza na kumwinua. Ilikwenda vizuri, ila Ratiba mzima ni nusu ya kaka yangu.

Siku ikafika. Birika lao la kubatizia liko chumba cha nyuma cha kanisa, limejengwa kwa saruji na vigae, lina ngazi tano za kushukia, maji yanafika kiunoni. Nilikaa mstari wa mbele na mkoba wangu mapajani. Nyuma yangu walikaa wachukuzi sita wa ghalani, waliokuja, kwa maneno yao wenyewe, kuona meli ikizama. Ratiba alikuwa amenieleza utaratibu. Mbatizaji anainua mkono, anataja jina kamili la mtu, anasema sala fupi isiyobadilishwa hata neno, kisha anamzamisha mtu mzima. Mashahidi wawili wanasimama pembeni. Kikibaki juu ya maji hata kidole, hata unywele, inarudiwa.

Wakashuka. Ufito ndani ya nguo nyeupe alionekana kama taulo limeanikwa. Akainua mkono, ukaishia nusu njia, akataja jina. Akasema Kreni.

Wachukuzi wakaguna. Shahidi mmoja, mzee wa kweli huyo, mwenye mvi, akasema polepole, "Jina kamili, kijana." Na kosa halikuwa lake peke yake, maana mimi mwenyewe jina halisi la kaka yangu hulitaja kwenye misiba na hospitalini tu.

Akaanza upya. Jina likatoka, sala ikatoka, akamlaza kaka yangu nyuma. Maji yakamfunika kichwa, kifua, tumbo. Halafu ule mguu mbovu ukapanda. Ukapanda taratibu, umevimba kama mto wa kulalia, ukasimama juu ya maji na soli yake ikitutazama. Chumba kizima kikacheka, na mashahidi wakatikisa vichwa.

Ndipo nikaelewa. Ilikuwa lastiki yangu. Nilikuwa nimefungia hewa ndani ya ovaroli, na mguu usiokunjika hauwezi kushindana na hewa.

Kreni aliibuka anakohoa, uso umeiva kwa aibu. Kaka yangu alikuwa hajawahi kuchekwa na wale watu maishani mwake. Aligeuka kuelekea ngazi, na nilimjua, akitoka mle harudi tena. Ratiba naye alikwisha kuvua kiatu kimoja aingie kuokoa jahazi.

"Mwenzangu, kaa," Ufito akasema.

Hakupaza sauti, lakini ilifika kila pembe. Ratiba akakaa na kiatu mkononi. Ufito akamshika Kreni mkono, akanitazama mimi. "Mama Fundi, una mkasi?"

Fundi gani anatembea bila mkasi? Nikautoa mkobani, nikaupeleka mpaka ukingoni. Akamketisha kaka yangu ngazini, akachovya mikono, akakata lastiki mguu huu na mguu huu. Hewa ikatoka kwa sauti ambayo siku nyingine ningeicheka wiki nzima. Wachukuzi walipoanza tena, yule mtoto akainua macho akawatazama mmoja mmoja, wale watu sita wasiomjua.

"Huyu baba anafanya ahadi na Mungu wake," akawaambia. "Tusubirini kidogo. Hatuna haraka."

Mmoja akavua kofia.

Wakarudi katikati ya birika. Ufito akasema, "Nitakukanyaga mguu, baba. Unisamehe."

"Kanyaga," Kreni akasema.

Akaweka unyayo wake juu ya unyayo wa kaka yangu, akaukaza chini. Akainua mkono, na safari hii ulikuwa umenyooka kama rula. Akataja jina lote, la kwake, la baba yetu na la babu yetu, akasema sala bila kukwama, akapinda magoti akashuka naye, si kumsukuma, kushuka naye, mpaka maji yakamfika yeye mwenyewe kidevuni. Sikuona kitu cha kaka yangu. Si kidole, si kisigino, si unywele. Maji yalijifunga juu yake, kisha Ufito akajiinua na kaka yangu akainuka pamoja naye, kilo mia moja na ushee, maji yakimwagika hadi kwenye viatu vyetu. Mzee wa mvi akatikisa kichwa kukubali. Shahidi wa pili akatikisa chake. Kreni akamkumbatia yule mtoto akampoteza kabisa kifuani, na wale wachukuzi ndio walioanza kupiga makofi, mimi nikafuata, na sioni haya kusema kwamba nilipiga vigelegele ndani ya kanisa lisilo langu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa barazani nakunja upindo wa sketi. Ndiyo siku yao ya kufua na kupiga simu. Ratiba akamletea Ufito simu, akasema kwa upole, "Namba ya rais iko hapo, kama bado unaitaka." Nikaacha cherehani isimame ili nisikie vizuri.

Ufito akakausha mikono, akabonyeza, akasubiri.

"Mama, shikamoo," akasema. "Ni mimi. Hapana, siumwi. Nilitaka tu kukwambia msinitazamie mapema. Bado miezi ishirini na moja, na huku kuna kazi."