Mama alinyoosha mikono

Bandugu, leo asubui mi na mama yangu tulijikuta tumelala chini mbele ya nyumba, na haikukuwa maombi.

Mama ni muzee. Kila juma yeye na bamama bengine ba mutaa yetu ya Saio balikuwa banafanya spori, mazoezi ya mwili, pamoja ku kanisa, juu mu uzee basianguke. Banashikana mikono, banainua muguu moja, banacheka sana.

Sasa mama mwenye kubaongoza amehamia mbali, ku Iga Barrière. Akasema kila mutu afanyie kwake, ni sawasawa tu.

Sawasawa?

Leo mama akavaa kikwembe yao ya spori, akasimama peke yake. Mi niko napika mandazi ya kuuza, nikamutania:
"Mama, unaenda Kombe ya Dunia?"
"Nyamaza, weye! Choma mandazi yako."

Akainua muguu. Akanyoosha mikono yote mbili, kama vile amezoea ku kanisa, ashike Mama Régine huku na Mama Furaha kule.

Hakukuwa mutu.

Akaanguka. Nikakimbia kumuinua, nikateleza, nikaanguka pembeni yake.
"Mama, refa ameona. Ni penalti!"

Siku zote anacheka. Leo hapana.

Muganga wa hospitali alimupima, anasema mifupa iko mizima. Lakini mama anakatala kusimama tena.
"Nisimame, nishike nani?"
"Unishike mimi, mama."
"Weye utaenda kuuza."

Bandugu, mungemujibu nini?

Mi hii naiandika niko ku soko.