Waya za Daktari na Mwanya wa Cucu

Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba alipoamua kwamba meno yangu ya mbele yamekuwa mtihani. Yalichomoza hata midomo haifungani, na katikati yake palikuwa na mwanya mpana. Baba alikuwa fundi wa magari mjini Nakuru, na mmoja wa wateja wake alikuwa daktari wa meno, Kalasinga mpole mwenye vidole vya kunukia karafuu. Wakaelewana pale pale, boneti ikiwa wazi. Mimi sikuulizwa.

Kuchomoza sikukutetea. Ila mwanya ulikuwa na mwenyewe. Nilipewa jina la cucu, mamake baba, aliyefariki kabla sijaanza shule, na pamoja na jina nikarithi mwanya wake. Guka, mumewe, aliyelima viazi huko Kabazi, aliniita mke wake mbele ya watu bila haya. Nikimtembelea hunichekesha kwanza ili auone huo mwanya, ndipo aniulize habari za nyumbani. Sasa ulikuwa unazibwa, na hakuna aliyemwambia.

Waya alizonifunga daktari kwenye meno zilivuta kweli. Meno yaliposogeleana, nyama ya ufizi iliyokuwa katikati ilikosa pa kwenda, ikajikunja, ikavimba. Mama alipoona damu kwenye mswaki alininyang'anya mswaki wenyewe, maana kwake kidonda ni cha kupumzishwa. Muda si muda fizi zote zikaumuka kama maandazi.

Daktari alininyanyua mdomo, akamwita mama aone.

"Mama, rangi isikutishe. Fizi zake ni za kahawia, hiyo ni sawa. Lakini ona zinang'aa, na nikigusa tu, damu. Huo ni uchafu umekaa. Apige mswaki kila siku, pole pole."

Mimi nikauliza langu: mwanya unaweza kurudi?

"Fizi zikizidi kuvimba nitalazimika kutoa waya mapema, na utarudi. Ufizi hausahau mahali meno yalikuwa."

Alidhani amenitisha. Nilitoka pale nikitembea kwa madaha.

Lakini mama akanisimamia kila asubuhi na mswaki mpya, mkali kuliko nyapara. Damu ikakoma, ufizi ukakaza, ukaacha kung'aa. Kufikia Krismasi mwanya ulikuwa umekwisha kabisa, nasi tukaenda Kabazi. Nilikuwa na hofu, siwezi kudanganya. Niliona kama nimempotezea mzee mkewe mara ya pili.

Guka alikuwa nje akichagua viazi vya mbegu. Nilimsalimia kwa midomo iliyobanwa. Akanitazama, kisha akamgeukia baba, aliyevaa suruali pana ya mtindo wa siku hizo.

"Hiyo suruali imeshonewa watu wangapi?"

Kicheko kikanitoka. Nikaufunika mdomo kwa kiganja upesi asione.

Kiazi kikamponyoka Guka.

"Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo cucu wako alikuwa anacheka. Na mkono kwa mdomo. Miaka yote hiyo, mwanya wenyewe nilikuwa nauona kwa bahati tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nami nikaanza kulia, nikaondoa mkono, nikamwonyesha meno yote na waya zake.

"Yameshikana, Guka. Mwanya umeisha."

Akayatazama kidogo tu.

"Yako mazuri," akasema. "Sasa rudisha mkono."