Mlango wa Jiko la Mama

Harufu ya udongo uliokandwa kwa miguu, ikichanganyika na ya nyasi za kuezekea, ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu, upande wa Wamaza, kiangazi kile yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, alipochumbiwa. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji ya kulainisha ule udongo. Nawaambia ninyi mnaosoma: kwetu zamani mwanaume hakuoa kwa maneno. Alioa kwa mikono, na kazi ya kwanza ya mikono hiyo ilikuwa kumjengea mama mkwe jiko. Likiisha, watu wanaitwa. Mama mkwe anaingia, anawasha moto, anapika bugali, na baba mkwe akila, mtu amepata mke. Baba mkwe asipokula, mwanaume anaokota panga lake anarudi kwao, na hata mbwa hawamsindikizi.

Mchumba wa yaya aliitwa Sumaili, mchimbaji wa dhahabu kutoka Lusangi, mwenye mabega mapana na maneno machache. Yaya alimpenda mpaka akawa anatia chumvi mara mbili kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo. Baba hakumtaka. Baba alimtaka mtoto wa muuza mawese, kijana wa baiskeli mpya na marashi, ambaye jembe hakuwahi kulishika ila kulisogeza apite. "Mutu wa mashimo iko kama panya," baba alikuwa akisema. "Kuchimba anajua. Kujenga atajulia wapi?"

Lakini Sumaili alijua. Nguzo alizichagua za mti ambao mchwa hawauwezi, akazichoma ncha kabla ya kuzifukia zisioze. Kamba za porini alizilowesha kwanza, zikikauka zikaze. Paa aliliezeka kuanzia chini kwenda juu, nyasi zikalaliana kama manyoya ya kuku. Baba alikuwa anapita kila jioni kutafuta kosa, anatikisa nguzo, nguzo haitikisiki, anaondoka amenuna. Kilichomponza Sumaili si mikono, ni adabu. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe. Wakikutana njiani, mwanaume anaacha njia, na akisimama mbele yake macho yanakaa chini. Heshima si utumwa, wamesema wahenga, lakini Sumaili aliizidisha. Siku moja alimsikia mama anakuja, akajitupa katikati ya mihogo pamoja na mzigo wake wa fito, akamsalimia kutoka humo humo. "Jambo, mama mukwe!" Mama akasimama, akaliitikia shamba. Neno la kuulizwa likiwapo, lilipitia kwangu, nami nilikuwa nalipeleka nusu, nusu nyingine naisahau kwa sababu ya panzi.

Sasa niwaambie mama yangu alikuwaje. Miguu yake ilikuwa midogo kama ya msichana, na sauti yake nyembamba kama ya ndege wa asubuhi. Katikati ya miguu na sauti, hapo ndipo mama alipokuwa. Akikaa mkekani, mkeka umekwisha. Na Sumaili, mtu wa kutazama chini, alikuwa ameona miguu na kusikia sauti, basi. Mlango akaupima kwa hayo aliyoyajua.

Siku ya kuwasha moto watu walijaa uani. Mama akaja na kijinga cha moto mkononi na sufuria ubavuni, amejifunga kitenge kipya. Akafika mlangoni, akasimama. Akautazama mlango. Mlango ukamtazama. Shangazi Feza, dada wa baba, ambaye ulimi wake haukuwa na kifuniko, akapaza sauti: "Weye Sumaili! Huu mulango ama shimo la dhahabu? Wahenga walisema nyumba njema si mulango, lakini wale hawakumuona wifi yangu!" Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Baba akakohoa kwa furaha. "Imekwisha," akasema. "Jiko lisiloingiwa si jiko." Nyuma ya migomba nikasikia kilio cha yaya.

Mama naye alikisikia. Tena mama alikuwa na jambo moja asilolivumilia duniani, kuambiwa mbele za watu kwamba yeye ni mkubwa. "Nani amesema siingii?" akauliza. Akageuka ubavu, akatoa pumzi yote, shangazi akamsukuma kwa nyuma, fito zikalia, mama akaingia kama gunia la mihogo linalolazimishwa kwenye kikapu. Moto ukawaka, na kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, moshi ulikuwa mwingi kuliko moto. Bugali ikaja. Nikaipokea mlangoni, nikamwekea baba mbele. Baba hakunyoosha mkono. "Mwenye jiko atoke kwanza," akasema.

Mama hakutoka. Kuingia alikuwa na wa kumsukuma, kutoka hakuwa na mtu. Akajaribu ubavu wa kulia, akajaribu wa kushoto, kikohozi kikaanza. Wanaume wakakaa baraza. Mmoja akashauri avutwe kwa kamba, mwingine akasema tumwache afunge kula kidogo, atapungua. Baba akaanza kutueleza namna wanaume wa zamani walivyokuwa wakijenga.

Hapo Sumaili akainua macho. Ilikuwa aibu kubwa. Alimtazama mama katika ule moshi, toka kichwani mpaka miguuni, na upana pia. "Unisamehe, mama mukwe," akasema, "sasa nimeona." Akachukua panga, akazunguka ubavuni, akagonga ukuta kwa ngumi kutafuta mahali pasipobeba paa, akaukata ule ukuta alioukandika kwa mikono yake, udongo ukianguka vipande vipande. Paa halikuyumba. Mama akatoka wima, kichwa juu, machozi ya moshi mashavuni, sufuria mkononi. Akamwambia Sumaili mwenyewe, bila kupitia kwangu: "Hiyo ndiyo mulango." Kisha akamgeukia baba. "Kula."

Baba akala. Mpaka kufa kwake alidai kwamba yeye ndiye aliyempa Sumaili akili ya kukata ukuta. Jiko likabaki na milango miwili, mkubwa wa mama, mdogo wa watoto na kuku, na yaya akaenda Lusangi na mume wake, chumvi ikarudi mahali pake.

Siku hizi nakaa Kasongo, pikipiki zinapita mlangoni mchana kutwa. Mjukuu wangu Riziki nimemlea mwenyewe, kwa hiyo mchumba wake ananihesabu mama mkwe. Ni kijana wa pikipiki, si mbaya. Kwenye simu yake yuko bwana mmoja anayefundisha wanaume uanaume: waamke mapema, waoge maji baridi, wasichekecheke ovyo. Sijamsikia akisema nguzo inachomwa ncha. Juzi kijana huyo alikuja kuniambia anataka kunijengea jiko, kwa mikono yake, akipotea ataangalia kwenye simu. Nilifurahi, ingawa sikumwonyesha. Alikuwa amesimama kwa adabu, macho chini, anatazama miguu yangu. Miguu hii ni ya mama, midogo. Na kilichobaki juu ya miguu ni cha mama vilevile.

Nikamwambia, "Inua macho, baba. Unitazame vizuri, huku na huku. Halafu ndiyo uende kukata mlango."