Wanaume Wanaomwoa Mke Wangu Jukwaani

Sifa ni zake Mungu, aliyeumba koo la mwanadamu na kutia sauti ndani yake. Alinipa mke mwenye sauti ambayo sijasikia ya kuifikia, na pamoja na zawadi hiyo akaniachia wivu, nisije nikamzoea. Kwa vyote viwili ninamshukuru.

Mke wangu ni mwimbaji wa opereta. Kwa asiyejua, opereta ni mchezo wa jukwaani wa Kizungu, wa kuchekesha. Watu huzungumza kidogo, huimba sana, hucheza wawili wawili wakizunguka, na kabla pazia halijafungwa lazima mtu amwoe mtu. Mara nyingi anayeolewa ni mke wangu. Ameolewa na nahodha wa meli, na mwana wa mfalme, na tajiri mmoja mlevi. Mimi nilimwoa mara moja tu, kanisani, huko kwetu Kilimanjaro, na sikuwa na upanga wala kofia yenye manyoya.

Hakuanzia huko. Kuimba alijifunza kwenye kwaya ya usharika, do-re-mi zikiwa zimeandikwa kwa chaki ubaoni, naye akiongoza sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa mwinjilisti kijana, na alipoanza kuimba nilisahau nilichokuja kuhubiri. Tulipohamia Houston, Marekani, alifanya kazi ya uuguzi, akawa anawaimbia wagonjwa huku akiwabadilishia mashuka. Mgonjwa mmoja, bibi wa Kimarekani aliyekuwa mwalimu wa uimbaji, alimsikiliza siku kadhaa kisha akamwambia, "Nikipona, uje nyumbani kwangu." Bibi akapona. Mke wangu akaenda kwake miaka mingi, kila alipopata siku ya mapumziko.

Jukwaani, mwanzoni aliwekwa nyuma kabisa, kati ya wanakijiji wanaoitikia. Baadaye akawa mjakazi mwenye sentensi moja, halafu shangazi mkali, halafu ndipo zikaanza harusi. Mwaka jana, akiwa na mvi na wajukuu, kampuni moja ya opereta ya Fort Worth, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kutoka kwetu, ilimpa nafasi ya mbele: mama mwenye duka la kofia anayeposwa na jenerali.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuketi nikamtazama. Nilimpeleka, nikamsubiri garini na Maandiko yangu, nikamrudisha. Nyumbani kwetu Sugar Land, kando ya Houston, nilimsaidia mazoezi kwa kusoma maneno ya mchumba wake.

"Soma kama unanipenda," aliniambia jikoni.

"Ninakupenda."

"Basi isikike, baba. Unasoma kama matangazo ya Jumapili."

Ndipo kampuni ile ikamwomba abaki nao msimu mzima. Angelazimika kukaa huko siku nyingi za wiki, kwa dada mmoja Mkongomani tuliyekuwa tukisali naye, ambaye sasa anaishi Haltom City, jirani na Fort Worth. Hakutaka kujibu bila mimi.

"Njoo utazame kwanza," alisema. "Kisha uniambie niende au nibaki. Ukisema nibaki, nitabaki, ila uwe umeona kwa macho yako."

Nikaenda, Jumamosi mchana. Wamama wa usharika wetu wa Houston walijaza basi dogo la kanisa, wakabeba kitenge kipya cha kumtunzia. Kwetu mwimbaji hangojwi amalize. Akiimba vizuri, mtu huinuka, humfunga kitenge mabegani palepale, vigelegele vinapigwa, naye anaendelea na wimbo wake. Kitenge kikawekwa mapajani mwangu kwa sababu mimi ndiye mume. Binti yetu aliketi kushoto kwangu, na mama mwenyekiti wa umoja wa wanawake akaketi kulia.

Jenerali alitokea. Alikuwa mwanamume mrefu, kifua kama mlango, na mdogo kwangu kwa umri wa kutosha kunikera. Akamshika mke wangu kiunoni, wakazunguka.

"Mwinjilisti," mama mwenyekiti akaninong'oneza, "huyo kijana amefundishwa kushika."

"Ninaona, mama."

"Fumba macho uombe."

Sikufumba. Mke wangu alisimama katikati ya taa akaanza wimbo wa kukubali posa, na sauti ikapanda mahali ambapo huko kwetu ingepasua bati. Wamama wakapiga vigelegele. Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Jenerali akapiga goti, akauchukua mkono wa mke wangu, akaubusu kiganjani, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda kwake.

Nikainuka na kitenge.

"Dad, kaa," binti yangu akasema. "Ni ku-act tu."

Nilipanda ngazi za pembeni. Wapiga fidla waliendelea kupiga. Watu wakacheka, wakidhani nimo kwenye hadithi. Nilifika, nikapitisha kitenge katikati yake na jenerali, nikamzungushia mabegani, nikafunga fundo. Hakukosa hata noti moja, maana amefungwa vitenge akiimba tangu usichana wake. Lakini macho yake aliyanyoosha kwangu, na hayakuwa ya kuigiza. Jenerali akasimama, akanipigia saluti, akajisogeza kando. Nikashuka. Ukumbi ulinipigia makofi mengi kuliko ulivyompigia yeye jenerali, na sitasema uongo, nilifurahi.

Mchezo ulipokwisha, mwongozaji alitufuata kwenye ujia akicheka. Alitaka nipande vile kila siku, watazamaji wamependa.

"Hapana," mke wangu akamjibu. "Huyu hayumo mchezoni. Huyu ni mume wangu."

Wamama walirudi na basi pamoja na binti yetu. Sisi tulibaki wawili garini. Tulipoupita mji wa Corsicana, njiani kurudi nyumbani, akaniuliza:

"Ulikuja kunitunza au kunichukua?"

Nimefundisha Maandiko maisha yangu yote, na humo nimesoma kwamba Mungu mwenyewe ni mwenye wivu. Nilifikiri kujificha nyuma ya hilo. Lakini yeye pia ameyasoma.

"Nilipanda kukuchukua," nikasema. "Nilipokaribia nikakusikia. Sijawahi kusimama karibu na sauti hiyo namna ile ikiwa imefunguka yote. Mikono ikafunga kitenge badala ya kukuvuta."

"Na sasa?"

"Sasa bado nina wivu."

"Sikukuuliza wivu, baba. Huo ninaujua. Niende au nibaki?"

Barabara ilikuwa wazi mbele yetu. Kitenge alikuwa nacho bado mabegani.

"Nenda," nikasema. "Lakini kila Jumamosi nitakuwa nakuja."

Ninakwenda. Ninaketi kiti cha pembeni karibu na ngazi, kitenge kikiwa kimekunjwa mapajani, na ninakishikilia mpaka waimbaji wote wainamishe vichwa kuwaaga watazamaji, ndipo ninapopanda kumfunga. Jenerali hunipungia mkono. Sijamzoea. Simwombei mabaya, ninamwombea apate mke, na mapema.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki. Akujalie mtu wako wa haki wa kumwonea wivu, na akikusimamishia huyo mbele ya watu, akupe subira ya kukaa kitini mpaka wimbo uishe.