Kiti cha Pweza

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, shangazi Candida alifagia kibaraza, akapanga magunia, akaacha nafasi ndogo karibu na mlango. Baba akiisogelea na gunia la maharage, shangazi alimwambia, "Hapo pana mwenyewe, kaka."

Mwenyewe alikuwa kiti cha pweza. Kasmir, muuza supu ya pweza pale sokoni Kariakoo, Mkatoliki wa Bagamoyo, alimwambia shangazi siku moja, "Kesho nakuletea kiti cha pweza." Shangazi ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kutoka Rombo. Akasafisha mahali pa kukiweka. Kasmir akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti: mnyama wa baharini, mkavu, ana ncha tano kama nyota.

"Ndicho hicho?" shangazi akauliza. "Mtu atakikaliaje?"

Bi Mauza wa duka la jirani alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Nyie Wachaga! Mlimngoja pweza aje anywe kahawa?"

Shangazi naye akacheka. Akakiweka palepale.

Kasmir alipoleta posa, baba alikataa. Hakusema Kasmir ni mbaya. Alisema, "Dada yangu kazaliwa kwenye migomba. Huko pwani hata anachokikanyaga hakijui." Mimi nilijua kinachomuuma. Shangazi akiondoka nyumba itakuwa kimya, maana mimi si msemaji.

Basi shangazi akaanza kujifunza. Jumapili maji yakipwa, tukitoka misa, tulikatiza Mnazi Mmoja mpaka kwenye mivinje ya ufukweni. Kasmir alimwonyesha chaza aliyeng'ang'ania jiwe, na kome ambaye ukimgusa anafunga mlango. Kuna kaa mdogo anayeishi ndani ya kombe la konokono aliyekufa.

"Huyu mpangaji," shangazi akasema. "Kama sisi Kariakoo."

Jumapili moja akamburuta na baba, na viatu vyake vya misa. Baba akawa ananyooshea mwavuli kila anachokiona, akiuliza jina lake. Mwani, akajibiwa. Chaza, akajibiwa. Kisha akaona kitu cheusi, kinene, kimelala kwenye kidimbwi kama muhogo ulioungua.

"Jongoo bahari," shangazi akasema.

"Umekosea! Jongoo gani hana miguu?"

"Wa kwetu anayo tele, kaka, na hajawahi kutoka shambani. Huyu hana hata mmoja, na bahari kaifikia."

Baba aliliinamia lile dude. Akavua viatu. "Maji yenyewe baridi?" akauliza.

Posa ikapokelewa, ndoa ikafungwa. Asubuhi ya kwenda Bagamoyo, shangazi alipita dukani akafagia kibaraza. Baba akakiokota kile kiti, akakipangusa vumbi.

"Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nenda nacho."

"Kaka, unanitupa?"

"Nenda bwana, basi litakuacha."

Shangazi akauegemeza ufagio ukutani, akakitia kiti kwenye kikapu, akashuka kibarazani kumfuata mumewe. Hakurudi tena kufagia. Pale karibu na mlango hatujaweka gunia mpaka leo.